Rangi ya Mzee Pipa

Mtaa wetu ulikuwa na rangi yake, rangi isiyouzwa duka lolote. Haikuwa kijani hasa, wala kahawia, na jua likiwa juu ungeona unjano ukichungulia kwa chini. Mlango wa mshonaji ulikuwa na rangi hiyo, viti vya zahanati vilikuwa nayo, madawati ya chekechea, ngazi ya fundi umeme, mpaka banda la kuku la jirani yetu mlokole. Watu waliiita rangi ya Pipa, na Pipa ni baba mkwe wangu.

Hakuitwa Pipa kwa unene. Ni mwembamba mpaka mkanda wake wa suruali umeongezwa matundu kwa msumari. Aliitwa hivyo kwa ajili ya pipa la chuma lililokaa nyuma ya duka letu la rangi. Tangu mume wangu akiwa mtoto, mzee alikuwa akizunguka na mkokoteni kwenye gereji, kwenye viwanda vya mageti na kwenye kampuni inayochora mistari ya barabarani, akiomba mabaki. Makopo ambayo wenzake wangeyamwaga mtaroni yeye aliyaleta nyumbani, akayachuja kwa kitambaa chepesi kuondoa ngozi iliyoganda juu, akamimina kila kitu kwenye pipa, akakoroga kwa mpini wa jembe. Kilichotoka humo hakukiuza hata siku moja. Aliyekuwa na mlango unaooza alikuja na kopo lake tupu, akaondoka nalo limejaa.

Hakuwa mkono wa birika, yule mzee. Na mimi, ambaye ndiye niliyekaa kaunta nikisikiliza watu wakimwombea dua, nilikuwa najivunia kuolewa nyumbani kwake. Nasema hivyo nikijua nina mdomo usio na breki. Mume wangu, dereva wa malori ambaye aghalabu yuko njiani, husema alinioa akiwa ameziba masikio.

Sheria mpya ilipotangazwa niliipokea kwa matusi. Ilisema kila biashara inayouza au kutumia rangi iweke mabaki katika kopo lake la asili, lenye jina lake, yasichanganywe na kitu kingine. Kisha yakabidhiwe mkusanyaji mwenye kibali, ayapeleke kiwandani yakatengenezwe upya. Nikasema wakubwa wameishiwa kazi, sasa wanataka kumpokonya mzee wa watu sadaka yake.

Mkaguzi aliyekuja kwetu sikuweza hata kumchukia vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, maana alikuwa akitembea duka kwa duka. Alimwamkia mzee kwa heshima, akaomba maji ya kunywa, ndipo akaomba kuona nyuma.

"Mzee wangu, humu ndani mna nini?" aliuliza, mkono juu ya pipa.

"Mna kila kitu, mwanangu. Ila mafuta kwa mafuta tu. Rangi ya maji haijawahi kuingia humo. Mimi si fundi wa kubabaisha."

"Na hii njano iliyoganda pembeni?"

Mzee akatabasamu. "Ya barabarani hiyo. Hiyo ndiyo rangi, mwanangu, si huu uji mnaotuuzia siku hizi. Ukiipaka leo, wajukuu wanaikuta."

Mkaguzi hakucheka. Alitoa mfukoni kijiti chenye pamba nchani, akakilowesha kwa matone ya dawa, akakisugua kwenye ukingo wa pipa. Alitueleza kwamba pamba ikibaki nyeupe hakuna shida, lakini ikiwa nyekundu, rangi ina madini ya risasi, ambayo zamani yalitiwa kwenye rangi za mafuta ili zing'ae na zidumu. Hakuwa amemaliza kueleza. Pamba ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu.

"Basi nitakunywa maziwa," mzee alisema. Mafundi rangi wote wa rika lake wanaamini maziwa husafisha kila kitu.

"Wewe hata mimi tungeugua tu, mzee, na ugonjwa wetu ungeonekana. Wanaoharibika kimyakimya ni watoto wadogo. Wanashika, wanalamba, wanatafuna. Sumu inaingia kwenye ubongo ambao bado unakua. Mtoto anachelewa kusema, anachelewa kuelewa, anakuwa na hasira zisizo na sababu."

Nilikuwa nimesimama na kitambaa cha kufutia kaunta mkononi. Binti yangu alikuwa anakaribia umri wa kwenda chekechea, na maneno yake ungeweza kuyabeba kwenye kiganja. Watu walikuwa wakinitania kwamba nimemmalizia maneno yote, hakubakiwa na la kusema. Nilikuwa nacheka nao.

Mkaguzi alilifunga pipa kwa utepe, akasema lisiguswe mpaka gari la mkusanyaji lije. Rangi iliyochanganywa hivyo, alisema, kiwanda hakiwezi kuitengeneza upya, kwa sababu hakuna awezaye kuichambua tena. Kila kopo jema mzee alilolitia humo liliharibiwa na lile baya. Mzee alisikiliza yote hayo akiwa ameinama, akikwangua ukucha mmoja kwa mwingine.

"Na iliyokwisha toka?" aliuliza hatimaye.

"Hiyo sheria hainipi mamlaka nayo, mzee wangu. Nimetumwa kwenye biashara, na naishia mlangoni mwa biashara. Sina wa kumshtaki kwa iliyogawiwa." Akakifunga kichupa cha dawa. "Lakini kama kuna mbao inayoguswa na mtoto, mimi ningesema."

Sikungoja. Nilimshika mkono yule mama wa watu, nikamvuta kupita stoo mpaka chumbani kwetu, ambako mwanangu alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha fito. Kile kitanda mzee alikipaka mwenyewe nilipokuwa na mimba. Alipaka mkono wa kwanza, akasugua kwa msasa, akapaka wa pili, akasugua tena, ili kisije kikamchubua mchumba wake. Ndivyo alivyomwita tangu akiwa tumboni, kabla hatujajua kama ni wa kike. Fito ya upande wa ukutani ilikuwa imetafunwa mpaka mbao ikaonekana nyeupe. Mwanangu hakupata usingizi bila kuing'ata ile fito. Tulikuwa tunaona ni kichekesho.

Kijiti kikawa chekundu. Nilipogeuka nikamwona mzee amesimama kizingitini. Hakuingia ndani.

Kitanda tukakihamishia stoo, mwanangu akawa analala kifuani kwangu. Zahanati walichukua damu, na majibu yaliporudi daktari hakutulaumu. Afadhali angetulaumu. Alisema risasi ni nyingi mwilini mwa mtoto, kwamba cha kwanza ni kumwondoa kwenye chanzo, cha pili ni kumlisha vizuri na kurudi kupima. Mzee akauliza habari za maziwa. Daktari akamjibu taratibu kwamba maziwa ni chakula kizuri kwa mtoto, lakini hayafuti kilichokwisha kuingia kichwani.

"Atasema?" nikauliza.

"Atasema. Ila mengine yanayopotea hapa hayarudi yote, mama. Siwezi kukudanganya."

Tulitoka nje. Viti vya kusubiria wagonjwa vilikuwa vimejipanga kwenye baraza, vyote vya rangi ya Pipa, na mtoto wa mtu alikuwa amepiga magoti mbele ya kimoja, kidevu juu ya ukingo, akichezea kifuniko cha chupa. Mzee alisimama akamtazama mpaka mama wa yule mtoto akaanza kuona haya.

Kesho yake alianza kuzunguka. Bila mkokoteni safari hii. Aliingia nyumba baada ya nyumba, akavua kofia, akawaambia: rangi niliyowapa ina sumu, ondoeni watoto karibu nayo, msiikwangue ikiwa kavu maana vumbi lake ni baya zaidi. Nilidhani watampiga. Ningejua wanavyompenda, nisingepoteza wasiwasi wangu bure.

Walimcheka. Mshonaji alimkalisha kitini, akamletea chai, akamwambia uzee unamtisha bila sababu. Fundi umeme alisema hao wakaguzi wamemtia woga ili wachukue pipa wakauze wenyewe. Jirani mlokole alimwombea. Mwalimu wa chekechea alimwambia, "Mzee Pipa, madawati haya kabla yako yalikuwa yanawachoma watoto vibanzi. Mungu akulipe. Nenda kapumzike." Alirudi jioni miguu imemvimba, na kikapu cha mayai aliyopewa njiani kama zawadi.

Tulikuwa tunafunga duka aliponiambia, "Mwanangu, nina neno nataka kukuomba. Ukikataa sitarudia."

"Sema, baba."

"Niruhusu niwaambie kuhusu mchumba wangu. Majibu ya damu. Hakuna kingine watakachoamini."

Damu ilinichemka. Nilijua kitakachofuata. Nilijua mtaa wetu unavyoshika kitu. Mtoto akishaitwa taahira ana miaka michache, ataitwa hivyo akienda shule, akichumbiwa, akizikwa.

"Baba, umempa sumu," nilisema, "sasa unataka kumpa na jina?"

Hakuna mkwe anayesema hivyo kwa baba wa mume wake. Mzee hakukunja uso.

"Ndiyo," alisema. "Nimempa sumu. Ndiyo maana nakuomba wewe. Mimi sina haki ya kuamua chochote juu yake tena."

"Basi hapana. Sitaki lisemwe, na usiliseme."

"Sawa, mwanangu."

Nilimpigia mume wangu, nikitaka naye akatae ili niwe na wa kugawana naye. Nilisikia lori likinguruma, kisha likazimwa. Alilia kwanza, mimi nikimsikiliza. Halafu akasema, "Wewe ndiye unayeshinda naye. Ukisema hapana, ni hapana. Ukisema ndiyo, nitakuja kusimama na wewe." Nikakata simu nikiwa na hasira naye, kwa sababu alikuwa amesema vizuri.

Mzee alitunza ahadi. Hakurudia. Alichukua ndoo ya maji, sifongo na kikwanguo akaenda zahanati kukwangua vile viti kwa mkono wake, mlinzi akamnyang'anya ndoo kwa upole na kumrudisha nyumbani kwa kumshika bega. Chakula akawa anakigusa tu. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka nikimwona anakula naona amekosa adabu, na asipokula naona ananitesa kwa makusudi. Nampenda yule mzee. Wakati ule nilikuwa nimesahau namna ya kumpenda.

Basi nikaamua niende mwenyewe chekechea. Nilidhani mdomo wangu utafanya alichoshindwa yeye.

Mwalimu alinipokea mlangoni, nywele zimemjaa chaki. Nikamwaga yote: vijiti, mkaguzi, sheria, ubongo wa watoto. Nilisema kila kitu isipokuwa kile kimoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ni mwanamke mwenye subira, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mama, kama ingekuwa sumu, mzee angempakia mjukuu wake? Kitanda cha mwanao si rangi hii hii? Na mwanao si mzima?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yake watoto walikuwa wakiimba hesabu, na kwenye dawati la mbele kabisa, katoto kamoja ka kiume kenye kidonda puani kalikuwa kameuma ukingo wa mbao kwa meno ya mbele, kanaimba bila kuachia. Ukingo ulikuwa umeliwa kama fito ya mwanangu.

Ndipo nilipoelewa walikuwa wanamkatalia mzee kwa kutumia nini. Mwanangu alikuwa ndiye ushahidi wao. Kadiri nilivyomficha, ndivyo nilivyozidi kuwaambia rangi ni salama.

Nilimkuta mzee nyuma ya duka, ameketi karibu na pipa lililofungwa utepe.

"Waambie," nilisema.

Akatikisa kichwa. "Mimi hawanisikii, mwanangu. Wananipenda mno. Akisema mama yake watasikia."

Gari la mkusanyaji lilikuja asubuhi, mkaguzi akiwa amekaa mbele na dereva. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba tangu kulipopambazuka nikiwaambia waje dukani, na wakaja, wengine wakidhani mzee anapewa tuzo. Mume wangu alikuwa amefika na vumbi la safari mabegani. Vijana wa gari, wamevaa glavu na barakoa, walilibingirisha pipa taratibu mpaka likapanda. Watu wakapiga makofi, jamani. Walikuwa wanaliaga.

Mimi na mume wangu tukaingia ndani, tukakitoa kitanda. Yeye alishika upande wa miguuni, mimi upande wa kichwani, na tulipofika katikati ya watu tukakigeuza ili upande wa ukutani uonekane. Makofi yakaisha.

"Hizi ni alama za meno ya mwanangu," nilisema. "Mnamjua. Mnanitania kwamba hasemi kwa sababu yangu. Tumempima damu zahanati hapa hapa. Ina risasi, imetoka kwenye rangi hii, na daktari amesema kilichopotea hakitarudi chote. Mzee hakuwa mgonjwa wala hakutishwa na mtu. Alikuwa anawaambia kweli. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo asiwaambie habari ya mtoto, na mkitaka kumpa mwanangu jina, nipeni mimi kwanza."

Mwalimu wa chekechea aliweka mkono mdomoni. Kisha mshonaji, ambaye mwanawe mdogo hushinda kwenye mlango akingoja wateja, aliondoka bila kuaga, tukamsikia akiuondoa mlango kwenye bawaba zake.

Walianza kuja. Kilikuja kigoda, ikaja meza ndogo, yakaja madawati yamebebwa na wazazi wawili wawili. Mkaguzi alisimama juu ya gari akiwaelekeza: visivyoguswa na watoto vibaki, visikwanguliwe na mtu asiyejua, vikingojee kikundi chake cha mafundi. Alikuwa amesema sheria inaishia mlangoni. Siku ile alikaa nje ya mlango mpaka gari likajaa.

Si wote waliokuwa wapole. Mama wa kale katoto ka kwenye dawati la mbele alimwendea mzee moja kwa moja. Nilidhani atampiga kofi, na Mungu anisamehe, nilitamani ampige ili yaishe.

"Ulinipa kwa mkono wako," alimwambia. "Nikakushukuru. Nilikuita baba."

"Ndiyo," mzee alisema.

"Sasa na mimi nifanye nini? Nikushukuru tena?"

"Hapana, mwanangu. Kampime damu. Twende wote, nitakusindikiza."

"Usinisindikize," alisema yule mama, akambeba mwanawe mgongoni, akaenda.

Gari liliondoka na pipa na kitanda na nusu ya vitu vya mtaa. Mtaa ukabaki na mapengo, nyumba nyingine zimewekewa mapazia mahali pa milango. Mume wangu aliwapeleka kina mama wengine zahanati kwa lori lake. Mimi nikapika uji, mwanangu akanywa, ukafika wakati wake wa kulala mchana.

Nilimtandikia godoro sakafuni, alale peke yake kwa mara ya kwanza tangu tukiondoe kitanda. Alilala chali, akanyoosha mkono upande wa ukutani, akapapasa. Hakuikuta fito. Akapapasa tena, akaanza kuguna kama anavyoguna anapotaka kulia. Mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni ya godoro, na yule mkono mdogo uliozunguka ukitafuta ukamkuta yeye. Ukashika kidole chake, ukakivuta kuelekea mdomoni.

Mzee aliuchomoa mkono kama aliyeguswa na moto. Mtoto akalia kwa nguvu. Mzee akasimama, akatoka, nikasikia bomba la uani likifunguliwa. Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anasugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu tunayosafishia brashi za rangi, vidole kimoja kimoja, kucha amezikata mpaka nyamani. Miaka yote ile sikumbuki kuziona kucha zake bila rangi chini yake.

Alirudi mikono imemwiva, inachuruzika maji. Akaketi. Mwanangu alinyamaza, akainuka kidogo, akautafuta tena ule mkono, na akatamka wazi moja kati ya yale maneno yake machache.

"Babu."

Mzee aliitazama mikono yake, pande zote mbili, kisha akaificha nyuma ya mgongo.

"Ngoja kwanza, mchumba," alimwambia. Akainuka, akarudi bombani, nikasikia maji yakifunguliwa tena.